Kupona kwa Kificho

Walimwita Fundi Brashi kwa sababu, kabla hajaugua, alikuwa akipaka rangi dari nzima bila kuacha hata mchirizi. Kisha homa ikamlaza. Ilipoondoka ilimwachia maumivu ya mgongo na mabega, pamoja na uchovu usiosikia usingizi. Akitoka kuoga, ilibidi ajilaze kwanza ndipo avae shati.

Alihangaika huku na huku. Alichomwa sindano, akakandwa, akanywa mizizi michungu, akaombewa, akafungwa mkanda wa kiuno uliomfanya atembee kama kabati. Kila dawa mpya ilimpa nafuu, naye kila mara alimtangazia mkewe kwamba amepona. Mke, mpishi wa bweni la shule, aliwapigia simu ndugu kwa furaha. Halafu maumivu yalirudi, na Fundi akauona uso wa mkewe ukisinyaa. Mwishowe aliuogopa uso ule kuliko maumivu yenyewe.

Ndiyo maana alipoanza kwenda kliniki kwa mama mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hakusema mengi nyumbani. Mama huyo alimweleza kwamba mwili wake umezoea kupiga kelele hata pasipo na jeraha, na kwamba tabia yake ya kufanya kazi kupita kiasi siku akijisikia vizuri ndiyo inayomwangusha. Alimtaka afanye kidogo kila siku, na apumzike kabla hajachoka. Fundi alianza kwa kuizunguka nyumba. Polepole akafika hadi sokoni na kurudi. Lakini mkewe alipotoka kazini alimkuta kitandani, na akimuuliza hali, alijibiwa, "Tunasukuma siku tu."

Siri ilivuja kupitia kwa shemeji yake, dada wa mkewe, aliyemwona njiani na kopo la rangi mkononi. Mchana uleule mke akarudi, aproni bado kiunoni. Akamkuta mumewe uani, anapaka mlango wa bafu.

"Tangu lini?"

Fundi akaweka brashi chini. "Miezi kadhaa."

"Na jana ulipoacha nikuvue viatu?"

Fundi akajifuta rangi vidoleni.

"Ugonjwa sikuuigiza, mke wangu. Nilichoficha ni nafuu. Niliogopa nikisema nimepona, kesho nianguke, nawe uanguke nami."

"Kuanguka nimezoea. Nimegombana na dada yangu kwa kukutetea alipodai huumwi. Leo amenicheka, na sikuwa na la kumjibu."

Akaingia ndani. Siku zilizofuata walikaa kama wapangaji: chakula kiliwekwa mezani bila neno, na kila mmoja alisikiliza nyayo za mwenzake. Fundi hakulala vizuri, akaacha mazoezi. Asubuhi moja akashindwa kuinuka. Maumivu yalimkaba toka shingoni hadi miguuni.

Mke alisimama mlangoni akimtazama. Alimuuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni kweli, au?"

Fundi alifumba macho. Tangu augue, hakuna sindano iliyomchoma kama swali lile. Mke aliona machozi yakimtiririkia masikioni, asiweze kuyafuta. Akavua viatu vya kazini, akaketi kando yake, akaomba apelekwe kwa huyo mama wa mazoezi amsikie mwenyewe.

Kliniki, yeye ndiye aliyeuliza zaidi. Alitaka kujua kama mumewe atapona kabisa. Yule mama akasema hawezi kuahidi hilo. Siku mbaya zitakuja, ila zikija, si kurudi mwanzo. Njiani mke akamwambia mumewe kwamba katika wote waliowahi kuwaendea, huyu ndiye wa kwanza ambaye hakuwauzia maneno matamu.

Walianza upya, safari hii wawili. Fundi alisema ukweli wa kila siku, hata ulipokuwa mchungu, na mkewe akajifunza kutoikimbilia simu. Siku nzuri zikaongezeka, zikaanza kushikana.

Shule anayopikia mkewe ilipotaka kupakwa rangi, Fundi akaomba kazi ya asubuhi tu. Siku ya kwanza alinogewa. Ukuta ulibaki kipande kidogo, muda wa kupumzika ukapita, bega likaanza kuuma. Mkewe akatoka jikoni, akasimama chini ya ngazi.

"Baba, shuka."

"Kimebaki kidogo tu."

Mke aliishika ngazi kwa mikono miwili, akingoja. Fundi aliutazama ukuta, akamtazama mkewe, akateremka.

Mwalimu mkuu alipopita akauliza kazi itakwisha lini. Mpishi akamwambia itakwisha itakapokwisha, kisha akamsogezea mumewe kiti.