Bawaba za Mlango wa Kushoto

Shemeji mtu alikuwa ameshasema neno lake: mlango wa kushoto usipofunga, gari la marehemu kaka yake kesho linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mjane hakubishana. Alimsindikiza hadi getini, akarudi, akachukua spana.

Wifi yake akaushikilia mlango, yeye akazifungua bawaba mbili zilizoganda kwa kutu. Akazitumbukiza kwenye beseni la plastiki, akazimiminia siki mpaka zikazama.

"Wenzio wanaloweka maharage, wewe wifi yangu unaloweka gari!"

"Cheka tu. Kesho utaomba lifti."

Asubuhi akazisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa. Akazisuuza, akaziacha ukutani, akaingia ndani kusali. Alikuwa na mengi ya kushukuru, sala ikarefuka. Alipotoka, alikuta bawaba zote mbili zimegeuka rangi ya karoti.

Wifi akajishika mbavu. "Mtoto umemwogesha, halafu umemwacha na maji yake! Hukumfuta, hukumpaka mafuta. Kwa nini asipauke?"

Mjane alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Bahati yake, kutu yenyewe ilikuwa ya juu juu. Akazirudisha kwenye siki kidogo, akazisugua, akazisuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki uishe. Safari hii hakuzipa nafasi: akazifuta kwa kitambaa, akazikausha kando ya jiko, na zingali na joto akazipaka grisi kila pembe.

"Ee Mungu, niwie radhi," akanong'ona. "Leo nakushukuru na mikono michafu."

Walikuwa wanakaza boliti ya mwisho lori la vyuma chakavu lilipopiga honi nje. Shemeji akaingia, kajiandaa kwa ubishi.

"Jamani shemeji, bado tu mnahangaika?"

"Funga mwenyewe."

Akaufunga. Mlango uliitika kwa mlio mmoja mzito, ule ule wa enzi za kaka yake. Akaufungua, akaufunga tena. Kisha akatoka kwenda kuzungumza na dereva wa lori, nalo likaondoka tupu. Aliporudi alijitupa kwenye kiti cha kushoto.

"Haya, dereva, funguo ziko wapi?"

Mjane akaenda kunawa mikono. Alipokuja na funguo, wifi yake alikuwa ameshajikalia nyuma, kitambaa kipya kichwani.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Lifti si uliniahidi jana?"