Siku Tatu Kwenye Mwamba wa Michembe

Gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba ya mama Milembe Jumatatu asubuhi, akashuka dada mmoja ambaye hakuna mtu Ngulyati aliyekuwa akimtarajia. Alivaa buti na kofia pana. Mimi nilikuwa nimebeba ndoo ya vipande vya viazi vitamu, nikimsaidia mama Milembe, jirani yetu, kuanika michembe juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba yake. Rafiki yangu Keneth alikuwa amekaa kivulini na simu yake.

"Mwangaluka," alitusalimia yule dada kwa Kisukuma, kama mtu aliyefundishwa neno hilo njiani. "Naitwa Zamda, ni mpimaji. Naomba mniazime mwamba wenu siku tatu."

Mama Milembe alimtazama juu mpaka chini. "Unataka kuupeleka wapi?"

Zamda alicheka, akaeleza. Angetoboa tundu dogo, achomeke pini ya chuma, na juu yake asimamishe antena ya kupokea mawimbi ya setilaiti mchana na usiku. Walitaka kujua ardhi ya huku inasogea kiasi gani ikilinganishwa na ile ya ng'ambo ya Bonde la Ufa. Alihitaji mtu wa kulinda antena isiguswe. Halafu akasema jambo lililonifanya niweke ndoo chini. Timu yao ilikuwa inaelekea Ziwa Natron, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai, na ilikuwa na nafasi ya msaidizi mmoja aliyesoma jiografia.

Mmoja tu. Mimi na Keneth tulimaliza chuo pamoja mwaka jana, jiografia wote wawili, na tangu hapo wote tupo nyumbani.

Nimesoma milima miaka mitatu. Nimeichora, nimeifanyia mitihani, nimewaeleza wadogo zangu. Sijawahi kuona hata mmoja, kwa sababu Simiyu tuna mbuga na vilima vya mawe basi. Keneth ana mjomba Moshi. Ile picha yake, Kilimanjaro ikiwa nyuma ya bega lake, nadhani nimeitazama mara nyingi kuliko yeye mwenyewe.

Mama Milembe alikubali kwa sharti moja. Kesho yake alikuwa anakwenda Maswa, kwenye msiba pale Binza, na michembe ilikuwa bado mibichi. Mwezi wa sita mashamba yameshavunwa na mbuzi wanaachiwa waende watakako. Anayelinda antena alinde na michembe.

"Josia," aliniambia mimi, hakumwambia Keneth. "Uigeuze asubuhi na mchana. Usiiache mpaka nirudi Jumatano jioni."

"Utanikuta, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Kesho yake, kabla hajaondoka, aliniuliza kama ardhi inasogea kweli, mbona nyumba yake ipo pale pale.

Nilitandaza turubai juu ya mwamba, nikashika ncha mbili na kuzisukuma taratibu zikutane. Turubai likajikunja, likainuka katikati.

"Ganda la dunia limegawanyika mabamba makubwa," nilisema. "Bamba la India lilipogongana na la Asia, matabaka yaliyokuwa chini ya bahari yalikunjwa hivi, yakapanda. Ndiyo Himalaya, na bado inasukumwa. Huko mashariki kwetu ni kinyume. Ardhi inavutwa, inakuwa nyembamba, inapasuka, na uji wa moto unapanda kwenye nyufa. Unatoka, unaganda, unatoka tena, mpaka unakuwa mlima."

"Inavutwa kwa nguvu gani?"

"Milimita chache kwa mwaka. Ukucha wako unaota haraka kuliko hapo."

"Na mwamba wangu?"

"Huu ni wa kale sana. Uliganda chini kabisa, na vilivyokuwa juu yake vimeshaliwa na mvua na upepo. Ufa ulishindwa kuupasua, ukagawanyika, mkono mmoja ukapita mashariki na mwingine magharibi."

"Umekataa," alisema mama Milembe, akiupigapiga mwamba kama anayemsifu ng'ombe wake wa kulimia.

Keneth alikuwa akisikiliza. Sikulifikiria hilo mpaka jioni, Zamda alipokuja kuangalia betri. Keneth aliokota turubai lile lile, akashika ncha zile zile, akamweleza India na Asia kwa maneno yangu, hata ukucha hakuusahau. Na aliyasema vizuri kuliko mimi. Sauti yake haikutetemeka, mikono yake ilijua pa kukaa.

"Unajua kufundisha wewe," Zamda alimwambia. "Umeitoa wapi hii?"

"Huwa inanijia tu, dada," Keneth akajibu, bila kunitazama.

Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo, nikaona nitakavyoonekana, mtu mzima anayegombania turubai, nikaufunga. Nilikwenda kugeuza michembe ambayo nilikuwa nimeshaigeuza. Nilimwonea wivu kwa ulimi wake, mjomba wake, hata buti alizoazimwa na Zamda siku ile ya kwanza. Nilimwombea avunjike mguu, kidogo tu, halafu nikaona aibu, halafu nikaomba tena.

Jumatano saa sita mchana Zamda alikuja, akafungua antena na kuipakia kwenye gari.

"Mkubwa wetu anapita Lamadi saa tisa," alisema. "Anataka kuwaona nyote wawili. Pandeni twende."

Keneth alikuwa ameshapanda.

"Mama Milembe bado hajarudi," nilisema.

"Antena si nimeshaitoa?"

"Kuna michembe."

Keneth alichungulia dirishani. "Hebu acha utani, ngosha. Ifunike na turubai."

"Haijakauka, itaota ukungu. Na mbuzi hawaogopi turubai."

"Basi kaa. Wewe na mwamba wako, hamsogei."

Alicheka. Zamda hakucheka. Alisubiri kidogo mkono ukiwa kwenye mlango. "Nitamtajia jina lako, Josia. Ila nisikudanganye, yeye huchagua mtu aliyemwona."

"Nimeelewa, dada."

Nililitazama gari mpaka vumbi likatua. Kwa saa moja nzima nilikuwa Lamadi kimawazo, nikimsikia Keneth akisema maneno yangu. Mbuzi walikuja mara mbili, mara ya pili kundi zima, na niliwafukuza kwa hasira isiyokuwa yao. Kisha nikapiga magoti nikageuza michembe, safu kwa safu, kipande kimoja kimoja.

Saa kumi ujumbe uliingia. *Nimepita ngosha. Kesho tunakatiza Serengeti kwenda Natron. Usininunie.*

Nilinuna. Niliusoma mara nne, na mara zote nilitamani ungekuwa wangu.

Jua lilikuwa limeshuka mama Milembe aliposhuka kwenye bodaboda, kanga ya msiba ikiwa bado kiunoni. Alipanda mwamba polepole, akachukua kipande kimoja, akakivunja, akasikiliza kinavyolia.

"Mwadila, mayu," nilimpa salamu ya jioni. "Pole na msiba."

"Mwadila." Akatazama kule antena ilikokuwa. "Wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda Lamadi. Keneth amepata ile kazi."

Aligeuka kunitazama, kile kipande kikiwa mkononi. "Wewe hukuitwa?"

"Niliitwa."

"Sasa mbona upo?"

"Nilikwambia utanikuta."