Elbo Zilizoshiba

Siku ya uteuzi, elbo mbili ziliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe kama maharusi. Moja ilikuwa inang'aa, ukiinama unajiona pua. Ya pili ilikuwa nyeusi, imepakwa mafuta, na kitambaa kilikuwa kimeshachafuka chini yake. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu mabomba angejua papo hapo ipi itachaguliwa. Na anayeyajua angejua pia, maana angekuwa anawafahamu wachaguzi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha sabuni. Mvuke unatoka kwenye boila, unasafiri ndani ya bomba la chuma, unakwenda kuchemsha matangi, na kila bomba linapokata kona hufungwa elbo, yaani kiungo kilichopinda. Bomba la zamani lilikuwa limechoka, ikaundwa Kamati ya kuchagua elbo za bomba jipya. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa ufundi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Kalamu Tatu kwa ajili ya kalamu zilizosimama mfukoni mwake, nyekundu, nyeusi na buluu, na ambazo hakuna aliyewahi kumwona akizitumia. Pembeni yake alikaa ofisa ununuzi, mama mmoja mwenye sauti ya upole, Bi Katalogi. Kitu kisicho na picha ya rangi yeye alikuwa hakiamini.

Aliyezileta elbo hizo, akabaki amesimama mlangoni kungoja kuzirudisha, alikuwa msichana wa stoo. Jina lake wengi walishalisahau, walimwita Bi Stoo, naye aliitika. Shule aliishia ya msingi. Lakini kwa miaka mitano hakuna kiungo cha bomba kilichoingia wala kutoka kiwandani bila kupita mikononi mwake.

"Hii," alisema Bi Katalogi akiigonga ile ya kung'aa kwa ukucha, "hata mgeni akija ataona tumeendelea."

"Na stika yake inasema mvuke," Kalamu Tatu akaongeza.

Kweli stika ilikuwapo, ya kijani, ina kiwingu kinachotoka kwenye mdomo wa bomba, na kiwingu chenyewe kinatabasamu.

Bi Stoo alijikohoza. "Samahani, mzee. Hiyo ya kung'aa ni ya maji."

Wote wakageuka, kana kwamba mlango ndio uliosema.

"Nani kakwambia?"

"Ni nyepesi, mzee. Hata kilo haifiki. Hiyo nyeusi inakaribia kilo tatu. Halafu nyeusi imegongwa namba ya presha kwenye chuma chenyewe. Hiyo nyingine ukibandua stika, chini hamna kitu."

"Binti, mabomba umeyasomea wapi wewe?"

"Sijayasomea, mzee. Nimeyabeba."

Bi Katalogi alicheka, cheko zuri tu lisilo na ubaya. Kalamu Tatu hakucheka. "Kuna watu wanabeba vitabu maktaba kutwa nzima," alisema, "na hawajawa maprofesa. Haya, ondoa hiyo nyeusi, inatuchafulia kitambaa."

Akaiondoa. Njiani aliikumbatia kifuani kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Angeweza kunyamaza, kama si kaka yake. Kaka yake alikuwa fundi wa bomba hapohapo kiwandani, jina la utani Koleo, kwa kuwa akishashika kitu hakiachi. Wazazi walipofariki ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemwombea kazi ya stoo. Kila asubuhi, kabla wengine hawajavaa ovaroli, Koleo ndiye anayefungua valvu kuu ya mvuke. Na valvu hiyo iko chini ya elbo ya kwanza, usawa wa uso. Siku elbo itakapopasuka, haitaipasukia Kamati.

"Kawaambie huwezi kuzifunga," Bi Stoo alimsihi.

"Mdogo wangu, mimi nafunga ninachopewa na stoo."

"Hata kikiwa kibovu?"

"Wakubwa wameshakaa, wameshakunywa chai yao, wameshaamua. Mimi nani?" Akachukua spana yake, akaenda zake akipiga mluzi.

Ninachopewa na stoo. Bi Stoo alikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu alivuta kreti iliyokuwa imelala nyuma ya rafu tangu tangi la zamani lilipong'olewa. Ndani mlikuwa na elbo nyeusi kumi na mbili, nzima kabisa, na kila moja ina namba yake mwilini. Bomba jipya lilihitaji kumi na mbili. Alizihesabu mara tatu, asiamini bahati yake.

Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa wanakula, alizipaka rangi ya fedha, ileile inayopakwa mabomba ya moto, nyuma ya stoo juu ya gunia. Rangi ilipokauka, alibandua stika kutoka kwenye elbo za kung'aa zilizokuwa zimeshanunuliwa, taratibu, kwa ncha ya kucha, zisichanike, akazibandika kwenye zile nzito. Zile nyepesi akazificha chini ya meza yake, zikiwa uchi.

Koleo alipokuja kuchukua vifaa, alinyanyua elbo ya kwanza, mkono ukashuka. Akaitazama stika. Akamtazama dada yake, aliyekuwa ameshughulika sana na kufuta kaunta iliyokuwa safi.

"Mbona elbo za leo zimeshiba?"

"Zimekula."

"Zimekula nini?"

"Kaka, utafunga au utauliza?"

"Nafunga," alisema Koleo, akaibeba kreti huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bomba likafungwa, mvuke ukaingia, na kwa miezi mitatu halikudondosha hata tone. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana Kamati haikukaa kimya. Kalamu Tatu alimtembeza mkurugenzi kando ya bomba, akamwonyesha kila kona. "Miezi mitatu, mkurugenzi. Hakuna jasho hata la elbo moja. Huu ndio uteuzi wa kitaalamu." Picha yake ilipigwa, ikabandikwa ubaoni, yeye na elbo, wote wawili wanang'aa. Juma lililofuata likatoka tangazo: boila mpya kubwa, yenye presha mara mbili ya ile ya zamani, itafungwa elbo hizohizo zilizofaulu. Na nusu ya mzigo ilikuwa imeshaletwa.

Bi Stoo aliupokea mwenyewe. Alishika boksi la kwanza akitarajia kuomba msaada, likanyanyuka kwa mkono mmoja kama boksi la mikate. Alitazama kule nyuma ya rafu, ingawa alijua vizuri kuwa hamna kreti nyingine.

Koleo alimkuta amekaa juu ya boksi.

"Nitawaambia," alisema Bi Stoo.

"Ukiwaambia watakufukuza."

"Nisipowaambia utafungua valvu wewe."

Koleo akavuta boksi jingine, akakaa kando yake. Mtu ambaye hana kawaida ya kuachia kitu, safari hii hakupata cha kushika.

Kesho yake Kamati ilikuwa imekaa kupanga sherehe ya boila. Bi Stoo aliingia na mizani ya stoo mkono mmoja, elbo ya kung'aa isiyo na stika mkono wa pili. Akaeleza yote, tangu kreti hadi rangi, bila kutia chumvi wala kulia.

Bi Katalogi aliacha biskuti hewani. Kalamu Tatu alikuwa mtulivu, utulivu wa maziwa yanayokaribia kufurika.

"Yaani sisi tulichagua hizi, wewe ukatoa zile."

"Ndiyo, mzee."

"Basi umeiba."

"Sijaiba, mzee. Hizi zote zipo chini ya meza yangu. Na zile zipo bombani, zinafanya kazi."

Wakaenda kuangalia. Kalamu Tatu alisimama mbele ya elbo ya kwanza, akatafuta kitu cha kukwaruzia, asione. Akachomoa kalamu nyekundu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi. Rangi ya fedha ikabanduka, weusi ukatokea, na ndani ya weusi namba, moja baada ya nyingine, kama meno ya mtu anayeanza kucheka.

"Wewe fundi!" alimgeukia Koleo. "Ulizifunga kwa mikono yako. Hukuona?"

"Mzee, mimi nilisoma stika."

Kamati ilirudi ofisini na kufunga mlango, na chai ikapelekwa mara mbili. Bi Stoo alikusanya vitu vyake kwenye mfuko: kanga, kikombe, kandambili za akiba. Alikuwa tayari.

Jioni aliitwa. Kalamu Tatu alimsomea kumbukumbu za kikao kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. Kwamba Kamati, kwa kutambua unyeti wa mvuke, ilikuwa imeendesha majaribio ya siri ya miezi mitatu kwa kutumia elbo nzito. Kwamba majaribio yamefaulu. Kwamba boila mpya itafungwa elbo nzito, na zile nyepesi zitapelekwa kwenye mabomba ya maji. Kwamba mkurugenzi ameshapigiwa simu, na ameipongeza Kamati kwa usiri wake.

"Na mimi, mzee?"

"Wewe una barua." Ilikuwa ya onyo, la kwanza na la mwisho, kwa kosa la kupaka rangi mali ya kiwanda bila kibali. Aliisoma taratibu hadi chini, akatia sahihi. Akarudi stoo, akatoa kikombe kwenye mfuko, akakirudisha kwenye msumari wake.

Elbo nzito zilipofika, watu wanne walizishusha wakitweta. Nyuma yao alikuja Bi Katalogi na kopo la rangi ya fedha, na karatasi ndefu ya stika za kijani.

"Mwanangu, hizi nazo uzipake na uzibandike zote."

"Kwani zina kasoro gani, mama?"

"Hazina. Ila kwenye picha, zile zilizofaulu majaribio zilikuwa na stika. Lazima zifanane."

Ilimchukua siku nne. Asubuhi ya kuwasha boila mpya, Kamati ilikuwa imesimama mbali, nyuma ya utepe. Bi Stoo alisimama mlangoni pa stoo, vidole vyote vina rangi ya fedha. Koleo alikuwa peke yake chini ya elbo ya kwanza, mikono kwenye gurudumu la valvu. Kabla ya kulizungusha, alipaza sauti:

"Dada! Zimeshiba?"

"Zimeshiba, kaka! Fungua!"

Mvuke ukaingia. Bomba likanguruma, likatulia. Kule nyuma ya utepe, Kalamu Tatu akaanza kupiga makofi.