Uji wa Watu Wawili

Mwalimu Advera wa chekechea ya Kwihara alikuwa na sauti ambayo, wenyeji wanaapa, akiita mahudhurio asubuhi hata kuku wa ng'ambo ya barabara waliitika "nipo!" Kwao Bukoba, lakini Unyamwezi ulikuwa umemwingia: salamu yake mwangaluka, ugali wake kwa mlenda, na ngoma ikilia kiuno hakikumngoja mwenyewe.

Ndiyo maana kule semina mjini, walimu walipoambiwa kila mmoja ajipime kwa alama kumi jinsi anavyozijua mila za nyumbani kwa watoto wake, Advera alijipa kumi. Mwenzake Yasmini, mzaliwa wa Tabora mjini, akajipa nne.

"Nne, shoga? Na umezaliwa hapahapa?"

"Ndiyo maana ni nne," Yasmini akacheka. "Alama za kujua zote tunawaachia wageni."

Darasani mwao mlikuwa na Doto, mtoto wa miaka mitano, aliyekuja kila siku na kibuyu kidogo kilichofungwa kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Alikiketisha kando yake mkekani. Uji ulipogawiwa alikunywa, kisha akakigusisha kibuyu kikombe mdomoni. Advera alidhani ni mdoli wa maskini. Na kwa kuwa mtoto alionekana hashibi, akawa anamwongezea kikombe cha pili. Kuuliza hakuuliza, mwenye kumi anauliza nini tena?

Siku wageni walipokuja kukagua, alitaka darasa linukie utamaduni. Watoto wakiwa nje wanacheza, akakitwaa kibuyu, akakivua kanga, akakwangua uji uliokaukia mdomoni, akatia punje za mahindi, akaziba kwa gunzi. Manyanga hayo! Watoto walipoingia akawaimbisha huku anatikisa, mpaka mgeni mmoja mnene akalegeza tai akacheza.

Doto alisimama mlangoni. Hakulia. Aliiokota kanga sakafuni, akaja akamvuta mwalimu sketi.

"Usimtikise. Kulwa anasikia baridi."

Wageni wakacheka. Advera naye akacheka, akatikisa mpaka wimbo ukaisha.

Kesho yake Doto hakuja; kibuyu na kanga vilikuwa vimebaki darasani. Wiki ikaisha, hajaonekana. Advera akakichukua kibuyu, akaenda kwa Bibi Mektilda anayemlea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda."

Bibi alikuwa anapepeta karanga. Doto alikuwa amejilaza kando ya ukuta, macho wazi.

"Hivyo hivyo tangu siku ile," bibi akasema. "Walikuwa pacha. Kulwa alitangulia kuzaliwa, akatangulia na kufa, homa tu. Sisi wa zamani, pacha akifa tunakivika kibuyu nguo zake. Kinalala na aliyebaki, kinakula naye, mpaka moyo wake ukue. Padri ananigombeza kila Jumapili. Namwitikia amina, narudi kukilisha."

"Bibi, mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje jambo unalolijua? Huyu alikuwa akirudi ananiambia, 'Bibi, mwalimu ametupa uji sote wawili.' Nikasema, Mungu mkubwa, tumepata mtu."

Advera akakosa pa kuweka uso. Kibuyu alikuwa ameshakitoa punje, amekifunga kanga yake upya, imefuliwa, inanukia sabuni. Akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Doto, baba, nisamehe. Nimekuletea Kulwa."

Doto akainuka, akakipokea kwa mikono miwili. Akakiweka sikioni, akasikiliza kama mtu anayetaka kujua iwapo mwenzake amelala. Akakinusa. Kisha akakilaza chini, polepole, akaifungua ile kanga, akaikumbatia bila kibuyu.

"Hiki kibuyu tu," akasema. "Kulwa umempeleka wapi?"

Bibi Mektilda akaacha ungo, akajifunika uso kwa upindo wa nguo yake. Advera akabaki palepale magotini, na mtoto anamtazama, anasubiri ajibiwe.