Siku Tatu za Shoo

"Trizah, unanivuta! Hiyo ni ngozi, si uzi!"

Lavender alijikunyata kwenye mkeka, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya wifi yake. Trizah hakuomba msamaha. Alichovya kidole kwenye mafuta, akachora mstari kwa ncha ya chanuo kutoka paji la uso hadi kisogoni, akaanza tuta jingine la nywele la kubana zaidi. Wiki ya Shoo, yale maonyesho makubwa ya kilimo, kila mwanamke wa Mashimoni alitaka kichwa kipya, na tangu asubuhi alikuwa amesuka mpaka vidole vikafa ganzi. Wote walikuwa wanakwenda Jamhuri, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatengeneza waende.

"Sasa sikiza mpango," Lavender akaendelea, machozi yakimlengalenga. "Kesho jioni tunaingia hapa na watoto. Alhamisi tunaanza na zile stendi za kupeana vitu vya bure, kabla viishe. Ijumaa wanyama na gwaride. Jumamosi ni mabembea tu, lile gurudumu kubwa na farasi za kuzunguka. Jumapili tunarudi zetu. Wewe utatupikia tu chapati za kubeba, juu chakula ya huko ndani ni bei mbaya."

"Na kwa nini msilale kwenu?"

"Kwako ni karibu, mulamwa," Lavender akajibu, akimwita wifi kwa lugha ya kwao.

Karibu! Mtu akitoka Kawangware, kwa kina Lavender, kwa miguu, akate Ngong Road, anafika lango la Jamhuri wakati uleule anapofika mtu wa Mashimoni aliyeruka mitaro yote ya Kibera. Kilichokuwa karibu kwa Trizah ni jiko. Kilichokuwa karibu ni mtu wa kuchemsha maji ya kuoga, kukanda unga kabla ya mapambazuko, na jioni kupokea viatu vilivyojaa vumbi na kuvifuta mpaka ving'ae, ili kesho yake virudi kuchafuka. Tangu aolewe na Wanzala, kila Shoo ilikuwa hivyo. Ndugu za Wanzala walijaa nyumba, wakamchukua hata Brenda, mwanawe mwenyewe, na jioni mtoto akarudi amepakwa rangi mashavuni akimweleza mama yake jinsi gurudumu linavyosimama juu kabisa na tumbo linabaki chini. Trizah alikuwa anaijua Shoo nzima kwa kusimuliwa. Upepo ukivuma vizuri alisikia hata muziki wake, akiwa amepiga magoti mbele ya jiko.

"Mwaka huu mama yangu anakuja," akasema.

Lavender akageuka ghafla na tuta likamponyoka Trizah mkononi. "Anakuja wapi?"

"Hapa. Kuona Shoo. Anataka kuona ng'ombe wa kutoa debe zima la maziwa. Kila mwaka anasikia kwa redio."

"Na atalala wapi?"

"Hapa."

Lavender akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapa? Na Wanzala ako hapa? Wewe Trizah, unataka kaka yangu alale nyumba moja na mama mkwe wake? Ati mmoja huku ya pazia na mwingine huku? Kwani mama yako hajui mila?"

Mama yake aliijua mila kuliko wote. Kwao Magharibi mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mwenzake apite. Kulala chini ya paa moja ni mwiko ambao watu huusema kwa sauti ya chini. Lakini huko nyumbani kuna vichaka, na kuna nyumba ya jikoni, na kuna boma la jirani. Mashimoni kulikuwa na chumba kimoja cha mabati na pazia lenye maua.

"Hiyo ni shida ya mimi na mume wangu," Trizah akasema, akamrudisha kichwa chini.

Mume wake alikuwa ameambiwa mwezi mzima uliopita, akajibu, "Tutaona." Jioni hiyo aliporudi kutoka kazi yake ya mjengo, saruji ikiwa imemkauka kwenye nyusi, aliambiwa tena.

"Mama Brenda, mila ni mila," akasema Wanzala. "Aje mwaka ujao. Tutakuwa tumepata nyumba ya vyumba viwili."

Hiyo nyumba ya vyumba viwili ilianza kutajwa Brenda akiwa bado ananyonya, na sasa Brenda alikuwa anaota meno ya ukubwani.

"Nilishamtumia maneno na watu waliokwenda mazishi. Kesho usiku atakuwa kwa basi."

"Basi tumtafutie mahali. Wamama wa kanisa, pale Laini Saba, hawawezi kumweka?"

"Kumweka? Mama yangu ni gunia?"

Wanzala akanawa mikono. Tuseme haki: hakuwa mtu mbaya, na mwiko ule aliuogopa kikweli, si kwa kujifanya. Lakini hakuwahi kuwatafutia ndugu zake wamama wa kanisa. Trizah alipakua ugali akaubamiza mezani na mboga ikaruka. Hasira ilimkaa kooni kama kipande cha mfupa, na usiku ule hakula.

Alhamisi alfajiri alikwenda kumpokea mama yake stendi ya basi. Alimkuta amekaa wima juu ya mzigo wake, leso imefungwa kiunoni, kikapu chenye kuku mapajani. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vyeusi, vile vya kanisani, na miguu ilikuwa imevimba ikafurika juu ya kingo. "Wameshafungua?" ndilo jambo la kwanza aliloliuliza, na alikuwa anauliza juu ya Shoo.

Walifika Mashimoni watu wakiwa wamepanga foleni ya maji. Ilibaki hatua chache tu kufika mlangoni pale mwanamume alipokohoa ndani. Yule mama akasimama. Kisha akarudi kinyumenyume hadi kwenye kibanda cha maji kilichotazamana na mlango, akakaa juu ya mtungi wa plastiki wa watu, akajifunika leso uso mzima.

"Mkwe wangu yuko ndani," akasema kwa chini ya leso. "Nitangoja."

Ndani napo Wanzala alikuwa amevaa, amebeba chakula chake kwenye mfuko, jicho moja kwenye tundu la mabati. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja na kichochoro kilikuwa kimoja, nacho kilipita mbele kabisa ya magoti ya mama mkwe. Kule kwenye mjengo geti lilikuwa linakaribia kufungwa. Lavender, aliyeingia jana yake jioni kama alivyopanga, alikaa kwenye kiti anakunywa chai, matuta yake yakimeta, watoto wake wakiwa wamelala ovyo sakafuni pamoja na Brenda.

"Mwambie asogee kidogo nipite," Wanzala akanong'ona.

"Asogee aende wapi?"

"Hata pale nyuma."

"Nyuma ni choo. Mama yangu amesafiri usiku kucha, amevimba miguu, ati nimpeleke akakae chooni ndio wewe upite?"

"Trizah, nitafutwa kazi!"

"Ningekuwa mimi," Lavender akasema, akipuliza chai, "ningemwambia mapema asikuje."

Hapo ndipo mfupa ulipotoka kooni. Trizah alilivuta blanketi la kitandani, akamfunika nalo mume wake kutoka utosini hadi magotini, akamgeuza kwa mabega, akamfungulia mlango.

"Pita."

Wanzala akapita. Foleni ya maji ikageuka kutazama. Yule mama akageukia ukuta, nalo blanketi likatambaa mbele yake likipapasa, likapiga ndoo ya mtu teke, likasema "Pole" kwa sauti ya Wanzala, likapotea kwenye kona. Mbula, Mkamba wa mlango wa pili, alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika.

Lavender naye alikuwa amesimama mlangoni anacheka. Trizah akamgeukia.

"Na wewe funga vitu vyako."

"Mimi? Mimi si mkwe wake."

"Si ni wewe ulinisomea mila hapa nikikusuka? Kaka yako hawezi kulala hapa mama yangu akiwa hapa. Hiyo tumekubaliana. Basi atalala kwa dada yake Kawangware. Na akifika huko jioni amechoka, ni nani atamfungulia mlango? Ni nani atampikia?"

"Lakini tulikuwa tumepanga! Siku tatu! Watoto—"

"Jamhuri haijahama. Tokeni Kawangware muende, ni karibu tu."

"Unatufukuza? Wanzala atasikia haya!"

"Asikie. Blanketi halizibi masikio."

Lavender alikusanya watoto kwa makofi ya mgongoni, wakatoka wanalia, mmoja ameshika kiatu kimoja. Trizah alisimama katikati ya chumba chake. Hakujuta hata kidogo. Alikuwa amemeza maneno tangu arusi yake, na sasa ndio alijua yalivyokuwa na uzito.

Mama yake aliingia mwishowe. Alikitazama kitanda cha mkwe wake, akakizunguka mbali, akakaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta. Alikunywa chai. Vilio vya wale watoto bado vilisikika vikiteremka kichochoroni, na kila kimoja kilipopanda yule mama alikishusha kikombe.

Saa nne walikuwa ndani ya Jamhuri: Trizah, mama yake na Brenda. Tiketi Trizah alizisukia mwenyewe, kichwa baada ya kichwa. Mpango ulikuwa wake pia, na aliupanga kinyume cha wa Lavender: leo ng'ombe, kwa sababu ndio mama aliowafuata, kesho stendi, Jumamosi gurudumu kubwa, wapande watatu kwenye kiti kimoja. Brenda alitembea mbele akiwaonyesha njia kama mwenyeji.

Kwenye mabanda ya mifugo yule mama alikwenda polepole, mikono nyuma, akikagua viwele. Mwishoni wakamkuta ng'ombe mmoja mkubwa mno, mweusi na mweupe, amefungwa utepe shingoni. Alilala peke yake kwenye kibanda cha mbao kilichofagiwa, juu ya nyasi kavu zilizotandikwa hadi kila kona. Kijana mwenye koti jeupe alikuwa amechuchumaa anamchana mkia.

"Mwanangu, huyu anatoa debe?" mama akamwuliza.

"Zaidi, mama."

"Na jioni mnampeleka wapi?"

"Haendi mahali. Analala hapa mpaka Shoo iishe."

"Hapa. Peke yake?"

"Eh, peke yake. Hapendi kusumbuliwa."

Yule mama akatazama kibanda kutoka ukuta hadi ukuta. Trizah alijua mama yake anapima nini, kwa sababu na yeye alikuwa ameshapima. Kilikizidi chumba chake. Kile kibanda kilikuwa na nafasi ya Wanzala, Lavender, watoto wote na mama mkwe, na pazia lisingehitajika. Damu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Trizah," mama yake akasema, "ng'ombe nimemwona. Ni mzuri. Sasa jioni nipeleke stendi ya basi, nirudi nyumbani."

"Nini?"

"Nitalalaje pale? Nimemtoa mkwe wangu kwake kama mwizi, na blanketi kichwani. Nimeliza watoto wa watu. Nikilala pale usingizi utatoka wapi?"

"Mama, bado siku mbili. Hujaona kitu!"

"Nimeona ya kutosha."

"Hata wewe!" Trizah alipaza sauti, na watu wa banda zima wakageuka. "Nimewafungulia mlango miaka yote hiyo, sijawahi kuambiwa nyumba ni ndogo. Wewe ukija siku moja, nyumba ni ndogo, mila ni kubwa, na sasa wewe mwenyewe unawasaidia! Nimegombana na kila mtu kwa sababu yako, Mama! Unataka nirudi nimwambie Lavender alikuwa na haki?"

Brenda alishika sketi ya mama yake. Yule mama alimtazama binti yake jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hakuambiwa kwamba anaumwa. Kisha akaingia kwenye kile kibanda, akajishusha taratibu kwenye robota la nyasi karibu na kichwa cha ng'ombe, akaanza kuvua viatu. Cha kwanza kilikataa. Trizah akapiga magoti akamvuta, kikatoka, kisha cha pili, na vile vidole vilivyobanwa tangu jana vikakunjuka juu ya nyasi.

"Mama, hapo hapakaliwi," kijana wa koti jeupe akasema, amesimama na chanuo lake. "Hizo nyasi ni za ng'ombe kulalia."

Trizah akainuka, mdomo tayari. Mama yake akamgusa mkono.

"Ng'ombe wako bado hajasinzia," yule mama akamwambia kijana. "Akisinzia, uniamshe."

Akaegemea ubao, akafunga macho. Brenda alipanda robotani akakaa upande wake wa pili. Kijana alimtazama Trizah, akalitazama chanuo mkononi mwake, akasonga kando. Ng'ombe alishusha pumzi ndefu, akanusa ile miguu iliyovimba, akaendelea kutafuna.