Shamba Lisiloonekana Barabarani

Wengine walisema Kokulinda anatafuta dhahabu. Geita si mbali, na hakuna mtu mwenye akili zake anayechimba mashimo arobaini, kila moja likimfika kifuani, kwa ajili ya kitu kisichong'aa. Wengine walimvuta pembeni jirani yake, Kija, wakamuuliza kwa sauti ya chini kama kwao yule Mhaya kuna ugonjwa wa akili. Kija akawajibu kwamba kwao wote wana akili, tena nyingi mno, na ndiyo shida yenyewe.

Lakini neno lililomchoma zaidi lilitoka kwa mama yake. Prudencia alikuja kumsalimia kutoka Bukoba, akashuka meli Mwanza, akavuka na pantoni hadi Kamanga, akafika shambani mkoba ukiwa bado mkononi. Alichungulia shimo la kwanza. Chini kabisa, kwenye kivuli, palikuwa na mgomba mdogo wenye majani manne.

"Koku. Mgomba umeuzika?"

"Nimeupanda, mama."

"Hili ni kaburi." Prudencia alirudi nyuma hatua mbili. "Nimezaliwa kwenye migomba, nimeolewa kwenye migomba. Sijaona mgomba unapandwa kaburini."

Na kwa huko kwao alikuwa sahihi. Kwao migomba inaizunguka nyumba, na bibi za bibi zao wamemwaga samadi na majani pale pale, mwaka baada ya mwaka, mpaka udongo wa juu umekuwa mweusi, unakaribia kulika. Kila kilicho chema kiko juu. Ndivyo Kokulinda alivyojua, na kijiji kilipompa ekari mbili juu ya kilima cha mchanga, ziwa likionekana kule chini, alifanya kama alivyofundishwa: mashimo mafupi, samadi tele, majani makavu juu yake. Miche sitini. Mchanga ukanywa maji, ukanywa samadi, mchwa wakamaliza majani. Kiangazi cha pili hakikubakiza hata mche mmoja. Kijiji kilicheka hadi kikachoka.

Angeondoka, kama si choo. Fundi alikuwa amechukua kazi ya kulichimba shimo lake akatoweka, ndipo Kokulinda akaingia shimoni mwenyewe. Ulikuwa mwezi wa nane, jua la kupasua vichwa. Mchanga hadi magotini, mchanga hadi kiunoni, mkavu, unamwagika kama sukari. Alipofika usawa wa kifua jembe likanata. Akainama. Udongo wa kahawia, wa baridi. Akaufinyanga ukabaki na alama za vidole vyake, kama unga wa ugali ulioanza kushikana. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha miezi mitatu iliyopita.

"Kija!" alipiga kelele. "Kija, njoo uone!"

Kija alikuja mbio akidhani ni nyoka. Akaupokea ule udongo, akaunusa. "Huu mchanga wa juu sisi tunauita luseni," alisema. "Tunaulimia karanga na mihogo. Wa chini hatukuwahi kuuliza habari zake."

Kwa hiyo Kokulinda akauliza yeye. Mwaka uliofuata, masika yakielekea ukingoni, walichimba yeye na Kija: mashimo yenye mdomo mpana na tako jembamba, ili mchanga usiporomoke, mpaka pale jembe linaponata. Kila mgomba ukawekwa miguu yake ndani ya udongo ule wa kahawia. Tatizo likawa moja tu. Ukisimama barabarani ulikuwa unaona mchanga mtupu.

Na mwezi huu wa tisa miaka mitatu ilikuwa imetimia. Karatasi ya kijiji ilisema wazi: asiyekuwa na mazao ya kudumu baada ya miaka mitatu, ardhi inarudi kijijini. Khalidi wa Mkolani, anayewapelekea mchanga wajenzi wa mjini, alikuwa ameshapita mara mbili na lori lake, akipunguza mwendo kila anapofika pale kilimani.

Walikuja Alhamisi asubuhi: mwenyekiti wa kijiji, Maige, wajumbe wawili, na Khalidi aliyesema amesindikiza tu. Kokulinda alikuwa anawangoja njiani, amejifunga kanga kiunoni, Kija kando yake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti." Maige alitupa macho shambani, hakusogea. "Sasa. Tumekuja kukagua, na nadhani tumeshakagua. Naona mchanga."

"Umekagua barabara, mwenyekiti. Shamba liko ndani."

"Kutoka hapa naona mpaka ziwani. Ndizi siioni."

"Hata mimi kutoka hapa siuoni moyo wako, lakini nakuamkia."

Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke. Maige akaingia shambani, wengine nyuma yake, viatu vya Khalidi vikijaa mchanga kila hatua. Khalidi hakuwa amefika mbali alipopepesuka, mguu mmoja ukiwa hewani, na Kija akamdaka mkono.

"Taratibu, bosi. Utaiangukia ndizi."

Wote wakachungulia. Jani pana la kijani, lenye afya, lilikuwa limefika karibu na ukingo wa shimo. Wakaenda la pili, la tatu. Kufika shimo la kumi wajumbe walikuwa wanatangulia mbele ya mwenyekiti, wakiitana kama watu waliookota kitu.

"Mbolea gani hii?" mmoja aliuliza.

"Samadi kidogo. Kingine ni maji."

"Unamwagilia?"

"Tangu mwezi wa sita sijamwaga hata kopo." Kokulinda alitumbukia kwenye shimo jipya, la arobaini na moja, alilokuwa hajalipanda, akachota tonge la udongo, akamrushia Maige. Maige akalidaka bila kutaka. Akalifinya. Uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyeguswa na mkono wa baridi.

Khalidi naye alilipokea, akaligeuzageuza, akamrudishia, halafu akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeona biashara mapema kuliko wenzake.

"Basi dada, tumepatana! Wewe unautaka wa chini, mimi nautaka wa juu. Mimi nauondoa huu mchanga wote, nakulipa, nakuachia udongo wako mzuri umelala wazi. Hutachimba tena maisha yako. Nani kapata hasara hapo?"

Lilikuwa wazo zuri. Kokulinda aliliona likiwaingia wajumbe, akaliona likimwingia hata Kija. Mama yake, ambaye alikuwa bado hajarudi Bukoba na amesimama mlangoni mwa nyumba akisikiliza, alitikisa kichwa kukubali: udongo mwema ukae juu, kama kwao.

"Hapana," alisema Kokulinda.

"Hujasikia bei."

"Na usiitaje." Alipanda kutoka shimoni, akachukua jembe. "Nifuateni."

Aliwapeleka nyuma ya choo. Palikuwa na rundo la udongo wa kahawia alioutoa mwaka jana alipochimba choo, ukaachwa juani. Akainua jembe, akalishusha kwa nguvu zake zote. Jembe likalia, likaruka. Kikatoka kipande kama cha kigae.

"Huu ni udongo ule ule. Ule ule, Khalidi! Umetoka kina kile kile. Mwenyekiti, gusa." Alikuwa anahema. "Juani unakuwa tofali. Mvua ikinyesha juu yake, maji yanateleza, yanakwenda zake ziwani. Mchanga ndio unaoifungulia mvua mlango. Tone likianguka kwenye mchanga haliendi popote ila chini, na likifika chini udongo unalishika. Halafu jua likija kulidai linaukuta mchanga umekaa juu, mkavu, umefunga. Mnauita mtupu! Ukiuondoa huu mchanga hukuniachia shamba. Umeniachia uwanja wa kuanikia dagaa."

"Maneno ya nshomile," Khalidi alisema, akitumia lile jina wanalotaniwa nalo Wahaya wanaojivunia shule, lakini alisema taratibu.

"Si yangu peke yangu," Kokulinda alijibu. "Mwenyekiti anayajua."

Maige hakuinua macho. Alikuwa ameshika tonge laini mkono wa kushoto na kigae mkono wa kulia. Kila mtu pale alijua lilipo shamba lake, chini ya kilima, upande wa mnadani. Miaka miwili iliyopita aliuza mchanga wake, malori yakaja wiki tatu. Alipanda mahindi juu ya kilichobaki. Sasa mvua ikinyesha pale panakuwa dimbwi siku mbili, kisha panapasuka, na ng'ombe wanapita katikati kwa sababu hapana cha kuharibu. Kwenye mikutano alikuwa akisema ni mbegu mbaya.

"Mbegu zilikuwa mbaya," alisema sasa, kwa mazoea.

Kija, ambaye siku nyingine angemmaliza kwa maneno, aliangalia kucha zake.

Maige akaketi kwenye ukingo wa shimo la karibu, akavua viatu, akashuka. Walimwona mabega na kofia tu. Alikaa mle kwa muda, miguu mitupu kwenye ule ubaridi, akiushika mstari pale mchanga unapokoma na kahawia inapoanza, akiufuata kwa kidole shimo zima. Aliposema, sauti ilitoka chini.

"Andikeni. Migomba arobaini. Mazao ya kudumu yapo."

"Na mchanga," Kokulinda alisema.

"Mchanga umefanyaje?"

"Andikeni kwamba mchanga wa shamba hili ni sehemu ya shamba. Hautolewi. Si na mimi, si na mwenyekiti ajaye, si na yeyote."

"Binti, hilo halimo kwenye fomu."

"Fomu ina nyuma."

Mjumbe aligeuza karatasi. Akaandika nyuma, kwa herufi kubwa, akisoma kila neno. Khalidi alimwaga mchanga kutoka kiatu kimoja, kisha kingine, akamuaga kila mtu kwa jina, akaenda kwenye lori lake.

Maige alipandishwa na wajumbe wakimvuta mikono. Akajipangusa. "Mhuri uko ofisini," alisema. "Pitia wiki ijayo, ukipata nafasi."

"Nafasi ninayo sasa hivi. Bila mhuri hayo ni maandishi tu."

"Leo mtendaji wa kijiji ana wageni."

"Tutakuwa wageni pamoja." Kokulinda alichukua fomu kutoka mkononi mwa mjumbe, akaikunja mara moja, akatangulia njiani. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi viwikoni, na hakuinawa.