Mfiwa Asiyeitwa

Jana usiku nililala na sweta la Barasa mwilini, nikaota niko kwenye mazishi yake, kwao Bungoma. Barasa nilikaa naye Nakuru miaka tisa, chungu kimoja, kitanda kimoja. Mazishi yenyewe yalikuwa jana mchana, na kaka yake mkubwa alikuwa amenipigia simu mapema: "Usije. Watu watauliza wewe ni nani." Basi sikwenda. Lakini ndotoni hakuna anayekuzuia mlangoni, nikajikuta katikati ya ua wao.

Mfawidhi wa shughuli alikuwa kipaza sauti chenye tai. Kinaita watu kwa makundi wapigwe picha na jeneza, kama ilivyo desturi. "Wazazi. Ndugu. Wakwe. Kwaya." Kila kundi linasogea, linapigwa, linaondoka.

"Samahani," nikakiuliza, "mimi niko kundi gani?"

"Ngoja uitwe. Asiyeitwa haonekani."

Nikadhani ni maneno tu. Kumbe. Natazama chini, viatu sina, na miguu ya kuvivaa sina.

"Majirani. Waliosoma naye darasa la nne. Mbuzi wa nyumbani."

Mbuzi sita wakajipanga kwa heshima zao, mmoja akafuta machozi kwa sikio. Kiuno changu kikaondoka. "Viti vya kukodi." Viti navyo vikasogea. Sitaficha, wivu ulinishika. Miaka tisa yote, halafu kiti cha kukodi kinitangulie.

Mpiga picha anaangalia kamera yake. "Hazitoki," anasema. "Kila nikibonyeza, marehemu anageuza uso."

Kweli, nyuma ya kioo cha jeneza Barasa alikuwa ametazama pembeni, amenuna vile vile alivyonuna siku nilipounguza maharagwe.

Mama yake, ambaye mimi nilimjua kwa picha tu, akainamia kioo. "Mwanangu, kuna nini?"

"Kuna mtu wangu hajaitwa."

Kipaza sauti kikalegeza tai. Kaka mkubwa akaanza kukagua kofia yake.

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo, aliyebaki sweta."

Ni kweli, nilikuwa nimebaki sweta na sauti. "Shikamoo, Mama," nikasema.

Hakuitikia. Alishika mkono wa sweta, akageuza pindo, akatazama nyuzi kwa karibu. "Hili nililifuma mimi. Hapa nilikosea." "Alikuwa analala vizuri?"

"Alikuwa anakoroma, Mama."

"Tangu utotoni."

Akanivuta hadi upande wa kichwa cha Barasa, na kadiri alivyonivuta ndivyo miguu yangu ilivyorudi, kwanza mmoja, halafu wa pili, yote ya baridi. "Mfiwa husimama hapa," akasema.

Barasa akageuza uso wake kwetu. Picha ikatoka.

"Ukifika Nakuru unijulishe," Mama akaniambia. "Barabara hizi siziamini."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na mto umelowa. Kwenye simu nikakuta ujumbe kutoka namba nisiyoijua.

"Habari ya asubuhi. Mimi ni Nasimiyu, dada yake Barasa. Mama anauliza kama ulifika salama."

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha nikaandika: "Mwambie nimefika."